Daraja la Baba na Paa Lake

Kwetu kuna daraja ambalo huwezi kulivuka bila kupiga hodi. Unafika mlangoni pake, maana mlango upo, unasimama chini ya ukingo wa makuti na kuita "Hodi!" Kama yuko mtu ndani atakujibu "Karibu!", atasogea pembeni, nawe utapita. Kama hakuna mtu, unajikaribisha mwenyewe. Wageni wanaochepuka kwetu kutoka barabara kuu, baada ya Olumbi, huangaliana wakidhani tumerukwa na akili. Hatuwaelezi. Kwa miaka mingi maelezo hayo yalikuwa aibu ya nyumbani kwetu, na aliyeitangaza aibu hiyo kijiji kizima ni mimi.

Baba yangu ni fundi wa nyumba. Ujana wake aliupitisha Mtwara, upande wa pili wa mpaka, akijifunza useremala, akarudi na msumeno, timazi, na tabia ya kutazama paa la mtu kabla ya kumtazama mtu mwenyewe. Ukimwalika chakula atakula, atashukuru, kisha atakuarifu kwamba boriti yako ya tatu imeanza kuoza. Nusu ya nyumba za kijiji ameziezeka yeye. Alisoma chuoni, yaani Kurani, na akahitimu vizuri. Kireno hakukigusa, nacho Kireno hakikuonyesha dalili ya kumtafuta.

Mto wetu si mto wa kujivunia. Kiangazi ni tope lenye kaa wadogo. Masika, maji ya mvua yanashuka kutoka bara huku maji ya bahari yakipanda kutoka mikokoni, yanakutana hapo kijijini na kugombana. Ng'ambo ndiko yaliko mashamba yetu ya mpunga na muhogo, na ndiko wanakoishi jirani zetu wa asili ya nyanda za juu, Wakristo wengi wao, watani wetu wa kudumu. Tulikuwa tunavuka kwa gogo la mnazi. Mama yangu aliwahi kuteleza juu yake na kapu zima la mbegu kichwani. Mbegu zilikwenda baharini, naye akaja nyumbani na mguu uliovimba.

Serikali ilituahidi daraja kila ulipokaribia uchaguzi, kwa uaminifu mkubwa. Walikuja watu wenye kofia, wakatupanga kando ya gogo, wakatupiga picha, wakaondoka. Lile gogo lilipigwa picha nyingi kuliko bi harusi. Mwishowe, pengine kwa kuchoka kuliona, wakatuletea mradi.

Mimi, binti yake, wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimerudi kufundisha shule ya msingi, na Kireno kinanitoka hata nikipiga chafya. Kwa hiyo mtaalamu wa mradi alipofika, kijana wa kusini asiyejua neno la Kiswahili, mkalimani nilikuwa mimi. Tekniku, kama tulivyomwita, alikuwa na gari, bolti ndani ya gunia, na dezenyu, yaani mchoro wa daraja, umekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Alimkabidhi baba ule mchoro kwa mikono miwili.

"Mwambie mzee afanye kama ilivyo kwenye karatasi," aliniambia. "Asiongeze kitu. Asipunguze kitu."

Nikatafsiri. Baba akautazama mchoro muda mrefu, akaugeuza, akautazama tena. Tekniku akasema atarudi baada ya wiki mbili kukagua. Alirudi baada ya miezi mitatu, na kwa mtu wa serikali huko ni kuwahi.

Miezi hiyo mitatu kijiji kilifanya kazi kwelikweli. Mbao za mbambakofi zilitoka upande wa Diaca, zikaletwa kwa lori na kupasuliwa hapahapa kwa msumeno wa watu wawili. Nguzo zilizamishwa kwenye tope wakati maji yakiwa yametoka, wanaume wakining'inia juu yake kwa zamu ili zishuke kwa uzito wao, na mtani mmoja wa ng'ambo, mnene, akasifiwa kuliko wote kwa mara ya kwanza maishani mwake. Juu ya nguzo baba alilaza mihimili, juu ya mihimili mbao za kukanyagia. Kila upande akasimamisha fremu ndefu ya miti iliyonyooka na miti ya mshazari, iliyofungwa na mti mmoja mrefu juu. Mpaka hapo mchoro ulifuatwa.

Halafu nikamwona anawaagiza wanawake makuti.

Sikuuliza. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na sikujali sana mambo ya fundi. Nilipokuja kupita tena, daraja lilikuwa na paa: kenchi za kubebea paa, pau, fito, makuti yamefungwa kwa kamba za usumba, mteremko mzuri pande zote mbili. Katikati, upande wa kivulini, kulikuwa na baraza ndogo ya kukalia. Ilikuwa nyumba. Nyumba ndefu, nyembamba, isiyo na vyumba, imesimama kwenye maji kwa miguu kumi na miwili.

Siku tekniku aliporudi nilisimama naye kwenye ukingo wa mto, mchoro umefunguliwa mkononi. Nikauona ukweli kabla hajasema. Zile fremu za pembeni zenye miti ya mshazari ndizo nguvu ya daraja; mchoraji alizichora kwa ubavu, zikaonekana kama kenchi za nyumba hasa. Baba alikuwa ameona kenchi, na kwake kenchi maana yake ni paa. Paa kwenye ule mchoro halikuwepo. Halikuwepo kabisa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tekniku naye akacheka. Na kwa sababu elimu haina maana kama hukuionyesha, nikasema kwa sauti ya darasani, mbele ya watu wote:

"Baba, umeyajengea maji nyumba!"

Kijiji kikaangua kicheko. Watani wa ng'ambo walilala chini. "Hawa watu wa pwani," mmoja akasema, "hata samaki wanawawekea ukuti wasinyeshewe!" Tekniku akapiga picha, akaandika kwenye daftari lake kwamba fundi hakuelewa mchoro, akaniambia kwamba paa halina madhara, liachwe tu. Akaondoka akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa mradi.

Baba alisema neno moja tu.

"Kwenye karatasi lipo."

Hakuongeza kitu. Kila alipoulizwa, mwaka baada ya mwaka, alijibu hivyohivyo: kwenye karatasi lipo. Mama peke yake hakucheka. Nilidhani ni heshima ya mke kwa mumewe, na nikamwonea huruma kidogo.

Kwa kuwa ilikuwa nyumba, ikabidi ifanyiwe mambo ya nyumba. Hakuna nyumba mpya inayoingiwa kwetu bila ubani na Yasini, kwa hiyo mwalimu wa chuo alikuja na wanafunzi wake, akauliza kwa dhati mlango wa mbele ni upi. Mjadala ulichukua asubuhi nzima. Watu wa kijijini walisema mbele ni upande wa kijiji. Watu wa ng'ambo wakasema mbele ni upande wao, sisi tunaingilia uani. Mwisho Yasini ikasomwa upande wetu, na katekista wa ng'ambo akanyunyiza maji yake upande wao, na daraja likawa limekingwa na kila shari isipokuwa ndimi za watu.

Dua ilipokwisha, wa kwanza kuvuka alikuwa bibi mmoja mwenye kapu la muhogo. Alifika chini ya makuti, akasita, akasema "Hodi." Maishani mwake hakuwahi kuingia chini ya paa la mtu bila kubisha, na hakuona kwa nini aanze uzeeni. Baba alikuwa ndani akikusanya vyombo vyake. Akajibu: "Karibu, mama, pita." Waliomfuata nao wakabisha, wakacheka, wakapita. Kesho yake wakabisha bila kucheka. Baada ya mwezi ikawa ndivyo ilivyo.

Ubaya ni kwamba ilisaidia. Daraja ni jembamba, ukiwa na mzigo huwezi kupishana na mtu. Ile hodi ilimjulisha wa upande wa pili asubiri. Vijana wa pikipiki walilazimika kuzima na kusukuma, kwa sababu nani anaingia nyumbani kwa watu na pikipiki inanguruma? Wanawake waliuza bajia kwenye baraza. Mvua ikinyesha, shule yangu yote ilikimbilia darajani, maana shule yenyewe ilikuwa inavuja. Haya yote niliyaona kila siku, na kila siku nilikuwa na kejeli mpya. Wageni wakija nyumbani nilisimulia kisa cha baba na karatasi kabla chai haijamiminwa, naye yupo palepale, anakoroga sukari. Nilikuwa nakisimulia vizuri. Nilikuwa na sauti ya tekniku, sauti ya baba, sauti ya bibi wa muhogo. Watu walitoka Mbau wakiniomba niwasimulie.

Kisha vita vikaja, nasi tukakimbia kama wengine wote, na kwa hilo sina mzaha. Tulikaa miaka kwa watu, upande wa pili wa mpaka. Baba masikio yakamwishia huko. Ukitaka akusikie lazima umkaribie na upaze sauti. Tuliporudi tulikuta kijiji kimesinyaa, nyumba nyingi za baba zimelala chini, na daraja limesimama. Makuti yalikuwa yameanguka zaidi ya nusu kwa kukosa wa kuyabadilisha. Mbao nyingi za kukanyagia zilikuwa zimeoza, na mtu wa ng'ambo alikuwa ametumbukiza mguu mpaka pajani. Mama alirudi kuvuka kama zamani, kwa kutazama kila hatua, na sasa ni mzee.

Mradi mwingine ukaja. Tekniku mwingine, kijana kuliko wa kwanza, mchoro ni uleule ila sasa umo ndani ya tableti. Aliitisha mkutano wa kijiji kwa siku ya pili, akanieleza suala lake mapema ili nijiandae kutafsiri. Alikuwa na mbao, bolti na ruhusa ya kukarabati. Tatizo lilikuwa paa. Kama paa lilikuwa kosa la fundi wa zamani, lilikwishaandikwa, ni hali iliyokutwa, anaruhusiwa kulirudisha kama lilivyokuwa. Lakini kama mtu alilibuni kwa makusudi, basi hilo ni badiliko la mchoro, lina jina la mbuni, linahitaji saini, na saini hiyo iko Pemba, makao makuu ya mkoa. Mpaka ipatikane, daraja litengenezwe bila paa.

"Saini itachukua muda gani?" nikamuuliza.

Akatazama mto. Nikaelewa.

Nilikwenda kumweleza baba huku nimeshatunga kichekesho kuhusu serikali inayotaka kujua ujinga ni wa aina gani kabla ya kuukarabati. Nilimkuta darajani, alasiri, amepiga magoti kwenye mbao na nyundo mkononi. Hakunisikia nikibisha hodi. Alikuwa anagonga ubao, kisha anaweka kiganja kwenye ubao wa jirani, anatulia, anasogea, anagonga tena. Mtu asiyesikia alikuwa anasikiliza kwa mkono.

Nikamsogelea, nikamweleza yote karibu na sikio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya ubao uliokuwa chini ya makuti yaliyobaki, akagonga. Ulilia, mtetemo ukanipanda mpaka kiwikoni. Akauhamisha mkono wangu hatua mbili, mahali ambapo paa lilianguka, akagonga tena. Kimya. Ilikuwa kama kugonga mkate.

"Mbao ni moja," alisema. "Zilitoka lori moja, zikapigwa siku moja. Maji ya chini hayali ubao, mwanangu. Yanayokula ni ya juu, yale yanayokaa kwenye maungio hayakauki. Daraja la mti bila paa nikikupa misimu mitano nimekuhurumia."

"Kwa hiyo mchoro…"

"Karatasi niliielewa siku ileile. Mimi nimejifunza Mtwara, si porini. Paa halikuwemo."

Nilikaa kwenye baraza. Niliuliza kitu ambacho mtu yeyote angeuliza: kwa nini basi hakusema?

Akanikumbusha kituo cha afya. Nilikikumbuka, nilikuwa mdogo. Alipokijenga aliongeza upana wa ukingo wa paa, mikono miwili zaidi ya mchoro, ili mvua isipige kuta za udongo. Mkaguzi akamuuliza nani amemwagiza. Akajibu hakuagizwa, ni akili yake tu. Mkaguzi akamwamuru akate kwa msumeno wake mwenyewe, mbele ya watu. Ukuta wa kusini ulianguka masika ya pili. Na kwenye jengo hilohilo mwashi alikosea dirisha, akaliweka limepinda, waziwazi. Mkaguzi alicheka, akaliacha.

"Nikajifunza," alisema baba. "Ukifikiri, watakuuliza karatasi iko wapi. Ukikosea hawakuulizi karatasi, wanacheka wanakwenda zao."

"Na mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyeteleza kwenye gogo. Ningemficha?"

Sikuwa na kichekesho. Nilitafuta, maana huwa ninavyo, nikakosa. Niliona aibu. Nilihesabu wageni wote, chai zote, sauti zote nilizoiga, na yeye akikoroga sukari. Nilimwambia, tena kwa kupaza sauti ili asikie, kwamba kesho nitasimama mbele ya kijiji niseme ukweli. Niseme fundi alikuwa na akili kuliko mradi mzima. Niseme mpumbavu nilikuwa mimi.

Baba alinitazama kama anavyotazama boriti iliyooza.

"Halafu paa liende Pemba?"

Mkutano ulifanyika asubuhi, kwenye kichwa cha daraja, watu wa pande zote mbili wamejaa. Mama alikuwa mbele, amekaa kwenye mkeka, mguu wake mbovu ameunyoosha. Shefe wa posto, mwakilishi wetu wa serikali, alihutubia kwa urefu kuhusu maendeleo. Kisha tekniku akamgeukia baba, akaniambia niulize rasmi: mzee, paa hili ulilibuni wewe mwenyewe, au hukuelewa mchoro?

Niliinama nikamwuliza baba sikioni. Watu wakanyamaza, wengine wameshaanza kutabasamu, kwa sababu jibu walilijua kwa moyo: kwenye karatasi lipo. Hata watani wa ng'ambo walikuwa wamejiweka tayari.

Baba hakulitoa jibu hilo. Alijikohoza, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Mwambie sikuelewa. Mwambie niliona kenchi nikadhani ni nyumba. Mimi ni mzee wa makuti, karatasi za watu nitazijulia wapi?"

Baada ya miaka yote ya kukana, amekiri! Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Watu walishikana mabega. Shefe alifuta machozi kwa tai. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, tuigizie basi!" na wengine wakaitikia, tuigizie, tuigizie. Mama alikuwa ananitazama mimi, si wao.

Tekniku alikuwa anasubiri tafsiri, kidole juu ya tableti.

Nikatafsiri. Nilinyoosha mgongo, nikasema kwa Kireno safi, kilekile nilichokuwa najivunia, kwamba baba yangu anasema hakuelewa mchoro. Kwamba aliona kenchi akadhani ni nyumba. Kwamba ni mzee wa makuti. Sikupunguza kitu na sikuongeza kitu. Tekniku alitabasamu kwa upole, akaandika: kosa la fundi wa kijiji, hali iliyokutwa, lirudishwe kama lilivyokuwa. Akanisomea ili nihakikishe. Nikahakikisha.

Baba alinivuta kwa ushungi nimkaribie. Alikuwa anawatazama watu, midomo yao imefunguka, mabega yao yanatikisika, na hasikii chochote.

"Wamecheka?" akaniuliza.

"Wamecheka, baba. Wamecheka sana."

"Basi litakaa," alisema, akaokota nyundo yake.